Krismasi kwa Saa ya Kwao

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu, basi betri zote za malori nilizowahi kuchaji tangu ujana wangu na zinilipukie miguuni nikiwa pekupeku. Naapa mapema kwa sababu nawajua watu wa Igamba: wakiona jina langu, Gwamaka, wanaanza kucheka kabla hawajasoma. Wacheke. Shahidi wangu ni binti yangu Ruti, ingawa nawaomba sana msimuulize.

Katika miaka yangu ya nguvu nilikuwa fundi umeme wa malori pale Tunduma. Shuleni sikukaa sana. Umeme nilifundishwa na umeme wenyewe, kwa kunipiga. Mimi na mke wangu Yunisi tulijenga Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, juu ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hujipanga kama siafu waliokuta maji mbele.

Sasa Krismasi ya nyumba ile, acheni niwaeleze. Wiki nzima Yunisi alikuwa haniachi nipumue. Kuta zilipigwa chokaa. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu ikasuguliwa mpaka ukiinama unaiona pua yako, na kama pua yako ni kama yangu, unajuta kuinama. Vitambaa vya makochi, alivyofuma mwenyewe kwa mkono wake, vilifuliwa na kutiwa wanga vikasimama wima kama masikio ya sungura. Ukikaa vibaya vinakuchoma mgongo, lakini nani alithubutu kusema?

Majirani walitundika maputo na karatasi za chooni zilizosokotwa. Sisi tulikuwa nazo hizo, na juu yake kulikuwa na kazi yangu. Tawi la mpaina lilitoka Ikinga, kule Ileje nilikozaliwa. Humo nilifunga taa za malori mabovu: nyekundu za breki, za njano za indiketa, nyeupe za kurudi nyuma. Nikazivuta mpaka ukingoni mwa bati, zote zikila betri mbili za lori zilizofichwa chini ya kitanda chetu. Ukibonyeza swichi, nyumba nzima inakonyeza. Majogoo ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yaliwika saa mbili za usiku yakidhani kumekucha. Mwaka mmoja dereva wa Kikongo aliiona indiketa yetu ya kushoto akadhani ni lori lililo mbele yake, akaifuata, akaingia na matairi yote ndani ya mahindi ya jirani. Akashuka, akauliza kama amefika Lubumbashi. Yunisi akamwambia bado, lakini akae kwanza ale.

Ndivyo alivyokuwa. "Mtu aliyekwama barabarani siku ya Krismasi ni mgeni wa Mungu," alikuwa akiniambia. "Shuka kawalete." Nami nashuka kwenye foleni napiga milango ya malori. Wanapanda kilima na kandambili zao, Wazambia, Wakongo, vijana wa Dar, wanakaa sebuleni wakiogopa vitambaa. Geti hatukuwa nalo. Sheria ilikuwa moja: hakuna sufuria kufunuliwa kabla ya taa kuwaka, hata kama ni mchana kweupe. Yunisi alisimama na mwiko mlangoni. "Gwamaka, washa, wali unapoa!" Nikiwasha, watu wanapiga makofi, mfuniko unatoka, na mvuke wa mchele wa Msangano unawapiga usoni. Nimeona wanaume wenye vifua kama matanki ya mafuta wakifuta machozi pale, wakisingizia kitunguu.

Yunisi alipofariki, sikuweza kulala juu ya zile betri peke yangu. Ruti, mtoto wetu mmoja tu, ameolewa Igamba kwa watu wa kahawa. Akanichukua. Nyumba nikamwachia Ezron, mtoto wa dada yake Yunisi, wakala wa kutoa mizigo forodhani, kijana wa tai, simu mbili na kidevu cha kunyanyua juu. Sikumdai kitu isipokuwa neno lake, na alilitoa mbele ya watu, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Baba mkubwa," alisema, "taa za Krismasi za nyumba hii hatawasha mtu mwingine ila wewe, mpaka siku utakayomfuata mama."

Neno hilo ndilo nililoondoka nalo. Mengine yote niliyaacha ukutani.

Krismasi ya mwaka juzi, ya kwanza tangu nihame, nikakaribishwa chakula cha saa nane mchana. Nilivaa koti. Nilifika Tunduma mapema mno, na mimi si mtu wa kuwahi sahani, kwa hiyo nikateremka mpaka karibu kabisa na mpaka kutafuta balbu za akiba. Nikakaa kwenye benchi la muuza chai, natazama simu mpya aliyoninunulia Ruti, ile ya kupangusa kwa kidole. Ilipokaribia saa nane nikapanda pikipiki. Ilipotimia saa nane juu ya alama, niko mbele ya nyumba yangu.

Kwanza kulikuwa na geti. La bluu, refu. Pili, taa zilikuwa zinawaka. Zinawaka bila mimi! Tena si taa zangu, ni vile vitaa vya dukani vidogo kama mayai ya chawa. Kupitia upenyo nikaona wageni wamekaa barazani wanachokonoa meno. Mchungaji Lwitiko alikuwa amelegeza mkanda.

Nikagonga. Akaja Goodness, mke wa Ezron. Mkwe wa zamani, kwa heshima, angejificha nyuma ya mgomba asinitazame, nami ningeshukuru. Huyu alinitazama vizuri tu, akavuta pumzi.

"Baba, ndiyo unafika?" akasema. Akaingia ndani, akarudi na kikopo cha plastiki chenye wali na paja moja la kuku, akanipitishia juu ya geti. "Chukua tu hiki, ukale nyumbani."

Juu ya geti! Nyumba niliyobeba matofali yake kwa mgongo wangu! Chakula cha juu ya geti hupewa mlinzi, na mlinzi mwenyewe hununa. Nilishuka nacho barabarani nikampa mbwa. Yule mbwa alikinusa, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Hapo nikaapa kwamba Ezron naye ataionja ladha ya kusimama mbele ya meza isiyo yake.

Alinipigia simu wiki hiyo yote. Sikupokea. Mtu akishakulisha juu ya geti, simu ya nini?

Nikarudi Igamba nikatafuta mbuzi. Beberu mwekundu, mwenye kidevu cha kujisikia na macho ya mtu anayehesabu mali ya wenzake. Nikamwita Ezron. Mwaka mzima nilimlisha maganda ya ndizi na pumba, na kila nikimpa nilimsemesha. "Kula, Ezron. Nenepa, Ezron. Geti lako liko wapi leo, Ezron?" Jioni nikimfunga kamba nilijisikia vizuri kuliko kanisani. Ruti alinionya: "Baba, chuki ya kufuga inakula kuliko mbuzi." Nikamwambia akoroge uji wake.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, Tabita akaniletea habari. Tabita ni mpishi wa shughuli pale Tunduma, alijifunza kwenye sufuria za Yunisi, na ulimi wake haujawahi kulala njaa.

"Baba Ruti, safari hii Ezron anawaita wakubwa watupu," akasema. "Mchungaji, mzee Danieli wa kanisa, mabosi kutoka Nakonde. Mbuzi wawili, kuku sina hesabu. Saa nane kamili sufuria ziwe mezani."

"Na mimi?"

Akaangalia pembeni. "Nilimuuliza. Akasema, 'Yule mzee ana saa zake.'"

Ana saa zake! Nikacheka mpaka Tabita akaogopa. Maana hapo Ezron alinipa silaha kwa mkono wake mwenyewe.

Mtu wa Tunduma haulizi tu saa ngapi. Anauliza saa ya wapi. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa tisa, hatua chache mbele, ng'ambo ya mpaka, bado ni saa nane. Watu wameachwa na mabasi, wamekosa harusi, mmoja amezika jeneza la mtu asiyemjua, kwa sababu ya saa hiyo moja. Kwa hiyo mkesha wa Krismasi nikampigia Mchungaji Lwitiko kwa sauti ya unyenyekevu.

"Mchungaji, Ezron kanituma. Ile saa nane ni saa ya kwao, kwa heshima ya wageni wa Nakonde. Kwetu itakuwa saa tisa."

"Ahaa! Vizuri umesema, ningewahi kuaibika. Nitawaambia na wenzangu."

Sikuhitaji kumpigia mwingine. Habari ya saa ukimpa mchungaji, imeshavuka mpaka kabla hujakata simu.

Asubuhi ya Krismasi nikashuka kwenye foleni kama enzi zile. Lori la tatu nikamkuta Clever, dereva wa Kizambia, ameota mvi lakini ni yeye. Alikula kwetu akiwa utingo.

"Bashikulu!" akapiga kelele, yaani babu. "Zile taa zinazokonyeza bado zipo?"

"Chakula kipo. Geti la bluu, saa nane ya huku. Waambie wote ambao mizigo yao inatolewa na Ezron. Mkifika semeni mmekuja kwa bosi wenu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa hapa chini ya trela lako. Nina mgongo, nataka kulala kidogo."

Nikalala kwa tumbo chini ya trela, na kutoka hapo geti naliona kama sinema. Saa nane ya kwetu ikafika. Badala ya mabosi wakapanda madereva, msururu mzima, wamenawa nyuso kwa maji ya madumu. Ezron alifungua geti mwenyewe, kavaa suti ya rangi ya maziwa. Akamtazama Goodness. Goodness akamtazama yeye. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyealika.

"Krismasi njema, bosi!" Clever akasema. "Tumekuja!"

Angefanyaje? Wakala akiwafungia geti madereva wa wateja wake, habari inamtangulia mpaka Ndola. Akasogea kando. Wakaingia. Wakakaa kwenye viti vyenye riboni, wakala sufuria baada ya sufuria. Nikasikia Tabita akicheka huko jikoni: "Mama Yunisi amefufuka leo!" Niliziba mdomo wangu kwa viganja. Ilikuwa tamu, jamani, msiniulize. Niliwaza wakubwa watakavyofika saa tisa wakute mifupa, na Ezron amesimama mbele ya meza iliyolambwa, na suti yake ya maziwa.

Kisha wingu likashuka. Mvua ya Desemba ya kwetu haibishi hodi. Mchana ukawa mweusi kama ndani ya tanki, na hapo hapo umeme wa mtaa mzima ukakatika. Vile vitaa vya dukani vikafa. Nikamwona Tabita barazani ameshika mfuniko wa sufuria ya mwisho, anaunyanyua gizani.

Sijui ni nini kilinishika. Mguu wangu mmoja ulishatoka chini ya trela. Mfuniko unatoka, na taa hazijawaka! Nikajizuia. Nikaurudisha mguu. Gwamaka, nikajiambia, hiyo si meza yako, acha ilaaniwe.

Huko juu Clever akauliza kwa sauti ya kusikika Mpemba nzima: "Kwani zile taa za zamani ziko wapi?"

"Ziko stoo," akajibu Ezron. "Lakini anayezijua ni fundi mmoja tu, na fundi mwenyewe..."

"Fundi si yuko chini ya trela langu!"

Huyo ndiye Clever. Mama yake alimpa jina kwa matumaini.

Madereva wawili walinifuata, wakanivuta kwa miguu kwa upendo mkubwa. Nikapandishwa kilima na tope tumboni. Ezron aliponiona alifungua mdomo, lakini Clever alishaleta betri ya lori lake begani, na mwingine katoa boksi stoo. Vumbi nililolijua. Mikono yangu haikungoja ruhusa. Waya huu hapa, huu hapa, koleo, meno. Tabita kasimama na mfuniko. Nilipogusisha nyaya kwenye betri, nyumba ikakonyeza. Nyekundu, njano, nyekundu, njano, mpaka mvua yenyewe ikawa ya rangi. Madereva wakapiga makofi na miguu. Hata Goodness alipiga.

Na wakati huo huo, kwenye geti lililoachwa wazi, akaingia Mchungaji Lwitiko na mwamvuli, nyuma yake mzee Danieli, nyuma yao mabosi wa Nakonde na wake zao. Saa tisa ya kwetu, juu ya alama.

"Karibuni," Ezron akasema. "Mbona... nilisema saa nane."

"Saa nane ya kwao," Mchungaji akajibu. "Si ulimtuma Gwamaka anieleze?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika waya mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, na taa nyekundu ya breki inaniwakia usoni. Mtu hawezi kukana akiwa hivyo.

"Mbona mnaniangalia mimi?" nikasema. "Mwulizeni yeye mwaka jana alinilisha wapi! Juu ya geti! Kawasha taa bila mimi, kala na watu wake, halafu ananipa kikopo!"

"Baba mkubwa," Ezron akasema polepole, "mwaka jana tulikungoja saa nzima."

"Uongo! Nilifika saa nane juu ya alama!"

"Ulifika saa tisa. Chakula kilipoa. Nilikupigia, hupatikani. Wageni wakanishika: 'Washa, mzee hatakuja.' Niliwasha shingo upande. Goodness akakufichia paja la kuku, ndilo lililobaki. Nikakupigia nikuombe msamaha wiki nzima, hukupokea!" Akapangusa uso. "Kabla ya kuja ulikuwa wapi?"

"Mpakani. Nakunywa chai. Natazama simu."

Nikajisikia nikilisema neno hilo. Mzee Danieli alianza kutikisika mabega. Clever akajifunika kofia usoni. Kila mtoto wa Tunduma anajua kwamba simu ikikaa karibu na mpaka inashika mtandao wa Zambia, na ikishaushika inajirudisha yenyewe kwenye saa ya kwao. Kila mtoto! Na mimi, niliyeishi pale nikiwacheka wageni waliokosa mabasi, nilikaa kwenye benchi la chai nikisubiri kwa subira saa ambayo ilishapita.

"Ni simu iliyochelewa," nikasema. "Mimi niliwahi."

Hakuna aliyenisaidia. Mchungaji na mzee Danieli walikaa hapo hapo barazani kama baraza la wazee, wakiwa na njaa, na hakuna hukumu mbaya kama ya mzee mwenye njaa. Wakasema: Gwamaka amewaibia wageni chakula cha Krismasi, Gwamaka atakirudisha. Kesho yake, Igamba, uani kwa Ruti, nitawalisha wote niliowadanganya, pamoja na Ezron na mkewe. Na nitachinja.

"Una mbuzi?" Mchungaji akauliza.

"Anaye mmoja," Tabita akadakia kutoka jikoni. "Mnono huyo! Kamlea kama mtoto!"

Ezron akanisindikiza mpaka barabarani na mwamvuli wake. Tulipofika akasimama. "Mwakani uwashe tena wewe. Lakini tangu mkesha utalala hapa kwangu, na simu yako nitaishika mimi." Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Kesho yake wakaja Igamba, wote, na viatu vyao vizuri kwenye tope la shambani. Nilipanga viti chini ya turubai. Ruti alitandika kitambaa cha Yunisi mezani. Nikamwomba Mungu siku ipite haraka na kwa utulivu. Mkwe wangu, mume wa Ruti, alikuwa ananoa kisu, Ezron amekaa katikati ya wageni na kikombe cha kahawa, Goodness anamsifu Ruti kwa usafi wa uwanja. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ndipo Ruti akatokea nyuma ya nyumba anakimbia, khanga mkononi.

"Baba! Ezron amekata kamba! Yuko kwenye mibuni! Mshikeni Ezron pembe kabla hajamaliza kahawa ya watu!"

Kikombe cha Ezron kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Goodness akamtazama mumewe, kisha shamba la kahawa, ambako kidevu chekundu kilikuwa kinatafuna na kututazama kwa dharau. Kisha mimi.

"Baba," akauliza taratibu, "huyo mbuzi anaitwa nani?"

Ruti alishajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa, kama simu yangu.

Aliyeanza kucheka ni Goodness. Akacheka mpaka akakaa chini, na Ezron akamfuata, akisema, "Kidevu! Mungu wangu, kidevu!" Lakini Mchungaji Lwitiko hakucheka. Alinyoosha kidole, akatoa ile sauti yake ya mimbarini ambayo huwaamsha hata waliokaa benchi la nyuma.

"Gwamaka. Hii ni kesi nyingine. Umemwita mtoto wa marehemu mkeo mnyama mwaka mzima. Beberu ni faini ya jana. Ya leo utaongeza jogoo. Yule mkubwa, anayejitanua pale mlangoni."

Sikubisha. Niliingia bandani mwenyewe, nikamkamata yule jogoo mwenye kifua cha mbele na sauti ya kuamsha waliokaa nyuma, nikambana mdomo kwa vidole viwili. Kisha nikamtazama Ruti, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda, nikamtikisia kichwa, nikimsihi kwa macho, kwa sababu jina la jogoo huyo nalo alikuwa analijua.